Kiwanja Hiki Hakijakaa Bure



Mwezi uliopita, katika kikao cha kamati ya uchumi ya parokia yetu, mjumbe mmoja, mtu mwadilifu na mchapakazi ambaye bila yeye paa la ukumbi lingekuwa linavuja hadi leo, alitoa hoja kwamba kiwanja kilicho kando ya ukumbi, kile chenye mwembe mmoja na mikungu miwili, "kimekaa bure". Kwa kuwa kinapakana na barabara iendayo stendi, alipendekeza zijengwe hapo fremu nane za maduka, ili parokia ijipatie pango la kila mwezi. Wajumbe waliafiki. Nami niliyekuwa mwenyekiti wa kikao niliafiki, nikamwagiza katibu aandike katika kumbukumbu kwamba hoja imepita.

Jumamosi iliyofuata, yapata saa tisa alasiri, nilikwenda kukipima kiwanja hicho pamoja na fundi mwashi. Tuliwakuta watoto wapatao hamsini wametapakaa chini ya miti, wengine wakifinyanga udongo, wengine wakisuka, wengine wamelala kifudifudi wakichora juu ya migongo ya kalenda za zamani. Fundi alisimama na kamba yake mkononi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, tuwaondoe kwanza?" Swali hilo nimeshindwa kulijibu mpaka leo, na ndilo lililonifanya niandike tahariri hii.

Yanipasa nikiri kwamba habari za watoto hao hazikuwa ngeni kwangu. Ruhusa ya kukitumia kiwanja niliitoa mwenyewe miaka miwili iliyopita, kwa haraka, kama mtu anavyomwazima jirani ngazi. Sikuwahi kukaa nao hata saa moja. Nilichokiona kila Jumamosi kutoka dirishani kwangu ni watoto wanacheza, na kichwani mwangu, kama ilivyo vichwani mwa watu wazima wengi, mahali watoto wanapocheza palihesabika kuwa mahali pasipo na shughuli.

Wenyewe wanaiita warsha ya watoto. Neno hili limeharibika kidogo katika nchi yetu, kwani mtu mzima akilisikia huuliza kwanza posho ni kiasi gani na chakula cha mchana kitaliwa wapi. Hapa hakuna posho. Yupo seremala mstaafu ambaye huleta mabaki ya mbao na msasa uliochakaa. Yupo bibi mmoja mwenyeji wa pwani ambaye hufundisha kusuka ukili kwa miyaa. Yupo kijana mchora mabango ya maduka, na mwalimu wa shule ya msingi ambaye Jumamosi yake ingeweza kumpatia fedha za tuisheni lakini huja kukaa chini ya mwembe. Saa ya kuanza ilisogezwa hadi alasiri ili watoto watokao madrasa wawahi nao. Hayo yalifanyika bila kikao wala azimio. Bibi wa ukili alisema tu kwamba wajukuu zake wanachelewa, na saa ikasogezwa.

Niliamua kuirudisha kamba nyumbani na kukaa. Nimekaa nao Jumamosi nne sasa, nami napenda kumsimulia msomaji niliyoyaona, kwa maana naamini kwamba wengi wetu tunayapitisha maazimio juu ya vitu ambavyo hatujavitazama.

Nianze na bao. Mtoto mmoja wa darasa la tatu, ambaye daftari lake la hisabati limejaa wino mwekundu, ndiye bingwa wa kiwanja. Wanaoanza hucheza bao la kujifunza: kila shimo huwekwa kete mbili, na kwa kuwa bao lina mashimo 32, kete zote ni 64. Lakini huyu amekwisha kuhitimu. Anacheza bao kamili, ambapo kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, huku kete 22 zikibaki mkononi zikisubiri kunamuliwa. Kabla hajagusa kete hutazama bao kwa kitambo, midomo ikimchezacheza. Kisha huchukua, hutawanya, kete ya mwisho huangukia pale pale alipopakusudia, naye huendelea tena na tena mpaka mpinzani hupoteza hesabu. Mwalimu alisimama nyuma yake akaniambia kwa mshangao kwamba mtoto huyu huyu, akiulizwa darasani 22 toa 6 ni ngapi, hunyamaza na kutazama sakafu. Je, hajui kutoa? Au amejifunza kwamba darasani swali ni mtego, na jibu lisilo sahihi lina malipo yake?

Bibi wa ukili naye hasemi kwamba anafundisha hesabu. Lakini idadi ya miyaa ikikosewa ukili hupinda, na mtoto hulazimika kufumua hadi pale alipokosea, akaanza tena. Hakuna anayemchapa kwa kosa hilo. Ukili wenyewe humwonyesha. Nimewaona watoto wa miaka saba wakifumua mara tatu bila kulia, watoto wale wale ambao kwa kosa moja la imla hulia.

Mchora mabango amewafundisha kutengeneza rangi kwa manjano, mkaa uliosagwa, udongo mwekundu na maji ya rosela, kwa sababu rangi za dukani hazinunuliki. Aliwasimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya vibarua katika mashamba ya mkonge, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege jijini Dar es Salaam kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya ubao mwembamba wa mraba. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Alifariki mwaka 1972 akiwa bado kijana, lakini jamaa zake aliowafundisha waliendelea, na leo jina lake ndilo jina la mtindo mzima wa uchoraji. Mtoto mmoja aliuliza kama Tingatinga alikuwa akichapwa alipochora ukutani. Sote tulicheka. Kisha nikakumbuka kwamba mimi nilichapwa.

Juu ya mwembe wapo ndege waitwao mnana. Watoto wamewafuatilia tangu masika, wala hakuna aliyewaambia wawafuatilie. Mwalimu aliwauliza tu kwa nini viota vingine hudondoka vikiwa vizima. Ilichukua majuma. Wakagundua wenyewe kwamba dume ndiye hujenga, jike huja kukagua, na jike akikataa, dume hukibomoa kiota alichokihangaikia na kuanza kingine. Wasichana walilifurahia sana jambo hilo. Sidhani kama watalisahau, wakati mimi niliyekariri sehemu za ua kwa ajili ya mtihani siku hizi siwezi kuzitaja nusu yake.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni ramani. Jumamosi moja kabla sijaanza kukaa nao, waliambiwa wachore njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni na waweke kila kitu wanachokiona muhimu. Ramani hizo zilikuwa zimetundikwa kwa kamba kati ya mikungu, nami nilizipitia moja moja. Sisi watu wazima tungechora barabara, zahanati, ofisi ya serikali ya mtaa, kanisa na msikiti. Wao walichora mbwa wa nyumba fulani. Walichora mfenesi unaodondosha. Walichora kilabu ambacho wanaume hukaa nje tangu saa nne asubuhi na kuwaita wasichana. Na katika ramani kumi na moja kulikuwa na duara kubwa jeusi mahali pale pale. Niliuliza ni nini. Ni shimo lililoachwa na wachimba mchanga, ambalo wakati wa mvua hujaa maji, na njia ya mkato iendayo shuleni hupita ukingoni mwake. Msichana mmoja alilichora likiwa kubwa kuliko kanisa. Nilipomwuliza kwa utani mbona kanisa langu amelifanya dogo hivyo, alinijibu bila utani wowote: "Kanisa halimezi mtu, Baba."

Nimeishi katika parokia hii miaka sita, na mahali pale hupapita kwa pikipiki nikiwa barabara ya juu, ambapo shimo halionekani. Tume yetu imeendesha semina za haki za binadamu zenye makabrasha na mihuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitaja shimo hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza wale wanaolipita kwa miguu. Mwalimu na seremala walizipeleka ramani kwa mwenyekiti wa mtaa. Uzio wa miti umekwisha kuwekwa. Kulifukia bado, maana hapo panaingia suala la nani alichimba na kwa kibali cha nani, nasi tunalifuatilia.

Sasa, isidhaniwe kwamba wazazi wote wanaifurahia warsha hii. Mama mmoja alinijia akiwa ameshika sare ya mwanawe iliyojaa udongo wa kichuguu, akasema, "Baba, wewe hufui nguo za watoto. Sabuni ni fedha." Alisema kweli, wala sikuwa na jibu. Tangu hapo watoto huja na nguo kuukuu, na mwenye nazo moja tu hupewa gunia la kujifunga kiunoni. Mzazi mwingine, baba wa watoto wanne, alisema jambo zito zaidi. Mwanawe wa miaka sita anapelekwa kufanya usaili katika shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, na huko, alisema, hawatamwuliza habari za ndege.

Sipendi kumdharau mzazi huyu. Mara nyingi sisi tulio na elimu tunawaambia maskini kwamba mtihani si kitu, ilhali mtihani ndio uliotuvusha sisi. Anajua kwamba mlango ni mwembamba na kwamba mwanawe atapimwa kwa karatasi. Ninalomwomba atazame ni bei anayolipa mtoto. Wapo watoto wa miaka mitano mjini kwetu wanaopanda basi la shule saa kumi na moja alfajiri, wakasinzia njiani, wakarudi jioni wakiwa na kazi za nyumbani, na Jumamosi wakaenda tuisheni. Wapo wengine, nao ni wengi zaidi, ambao hawana basi wala tuisheni, bali wana ndoo, kuni na mdogo wao mgongoni. Hao wa kwanza na hao wa pili wanafanana kwa jambo moja: hakuna aliyewaachia saa ya kucheza. Tofauti ni kwamba wa kwanza watalipwa kwa cheti.

Yafaa pia tuwe wakweli juu ya yale tuliyoyafanya na maumbile katika shule zetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe na shamba ili mtoto ajifunze kwa kutenda na asitengane na jamii yake. Baadaye, katika shule nyingi tulizosoma, shamba liligeuka adhabu. Aliyechelewa alifyeka. Aliyezungumza darasani alimwagilia maua. Tukawafundisha watoto, bila kukusudia, kwamba ardhi ni mahali mtu apelekwapo akikosa, kisha tunashangaa vijana wakiikimbia. Hata methali ya samaki kukunjwa angali mbichi tumeitumia mno kuhalalisha fimbo. Na wakati ada ya shule ya msingi ilipofutwa mapema katika miaka ya 2000, na tena tangu mwaka 2016 elimu ilipotolewa bila ada hadi kidato cha nne, watoto walifurika kwa furaha, jambo jema lisilo na ubishi. Lakini nimeona shule zaidi ya moja ambazo madarasa mapya yalijengwa juu ya uwanja wa michezo, kwa kuwa huo nao, bila shaka, ulikuwa umekaa bure.

Sheria haisemi hivyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1991, unataja katika ibara ya 31 haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni na sanaa. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 unasema hivyo hivyo katika ibara ya 12. Na Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, inapoorodhesha yale ambayo mzazi anawajibika kumpatia mtoto, inautaja mchezo na mapumziko katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Ni orodha moja. Haukuwekwa katika nyongeza, wala haikuandikwa kwamba utatolewa endapo patabaki nafasi baada ya fremu.

Wala si jambo jipya kwamba mahali pa watoto huanza katika ugomvi wa majengo na fedha. Huko Roma, katika mtaa wa San Lorenzo, mwaka 1907, wenye majumba yaliyopangishwa kwa vibarua walikuwa na wasiwasi juu ya kuta zao, kwa sababu wazazi waliposhinda kazini watoto walibaki peke yao wakiharibu ngazi na plasta. Wakamkabidhi daktari Maria Montessori chumba kimoja awatunze. Walichotaka ni kuta safi. Yeye aliwatazama watoto, akaona jinsi wanavyozama katika kazi ya mikono wanayoichagua wenyewe, na kutokana na chumba hicho ukatoka utaratibu wa malezi ulioenea duniani, ambao masista wetu wameufundisha kwa walimu wa chekechea hapa Tanzania kwa miaka mingi. Na mwaka 1945, vita vilipokwisha, wanakijiji wa Cella karibu na Reggio Emilia walijikuta na kifaru, malori machache na farasi vilivyoachwa na jeshi la Wajerumani lililokimbia. Walikuwa watu wenye njaa katika nchi iliyobomoka. Waliviuza, wakaanza kujenga kwa mikono yao, matofali ya magofu na mchanga wa mtoni, shule ya watoto wadogo. Mwalimu kijana, Loris Malaguzzi, alipopata habari alipanda baiskeli kwenda kuhakikisha kama ni kweli, naye akabaki na kazi hiyo maisha yake yote. Shule zilizotokana na juhudi hizo zina, hadi leo, chumba cha sanaa na mtu wa sanaa katika kila moja. Wale wa Cella nao wangeweza kujenga fremu.

Karibu zaidi na kwetu, mwaka 1989, Wangari Maathai alisimama kuitetea bustani ya Uhuru jijini Nairobi isijengwe jengo la ghorofa 60, akatukanwa bungeni kwa ajili hiyo, jengo halikujengwa. Na mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikutana na Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, barazani kwake Dar es Salaam, wakiwa na maswali juu ya misitu na wanyama ambayo shuleni hawakuwa na mahali pa kuyauliza. Kikundi chao kilikuwa mwanzo wa Roots & Shoots, ambayo sasa ina vijana katika nchi nyingi. Walihitaji baraza tu.

Turudi kwenye fremu, kwa maana hoja ya mjumbe wetu haikuwa ya uroho. Pango lingewalipia yatima sare na madaftari, na lingetuondolea aibu ya kutembeza kapu kila linapopasuka bomba. Maskini wale wale ninaowatetea kwa upande wa kiwanja ndio ambao wangenufaika kwa upande wa pango, na mwenye kusema kwamba chaguo hili ni jepesi hajawahi kushika daftari la mapato ya parokia. Nimepima upya. Ukingoni mwa maegesho ya magari, mahali panapojaa siku za harusi tu, panaweza kukaa fremu tatu bila kugusa mti hata mmoja. Tatu si nane. Tofauti hiyo ni fedha halisi, nami nitalazimika kueleza ni nani atakayeikosa.

Jumamosi iliyopita nilimwalika mjumbe mwenyewe. Alikuja akiwa amevaa viatu vizuri, akakataa kukaa mkekani, akapewa kigoda cha seremala. Alizitazama ramani kwa muda mrefu. Nyumba yake imo katika mbili kati yake, na katika moja, mbwa aliyechorwa ni wake. Kisha akacheza bao na yule mtoto wa darasa la tatu. Alifungwa mara mbili, akaomba la tatu, akafungwa tena. Wakati wa kuondoka hakuniambia kwamba amebadili mawazo, wala sikumwuliza. Alisema atamfunga mbwa.

Kamati inakutana tena Alhamisi. Hoja yake ya fremu nane ingali kwenye ajenda, na yangu ya fremu tatu imewekwa chini yake. Watoto wameombwa ramani zao, nao wamekubali zibandikwe ukutani mle ukumbini kabla ya kikao kuanza, kwa sharti kwamba zirudishwe kabla ya Jumamosi.